Grisi ya Shemeji

Salo, 2 Oktoba 1986

Shemeji Aili,

Hujambo huko juu? Mimi mzima, ila masikio. Masikio yangu yalibaki kiwandani pamoja na ile mashine ya kukata chuma, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Jumapili ulipopiga nilisikia "kuku" na "kanisa", nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Kama nimekubali kununua kuku wa kanisa, nakuomba unitoe humo.

Nina jambo moja, na sitazunguka mbuyu. Unakumbuka mimi na mdogo wangu Rauno tulivyopatana juu ya darubini. Yeye alikisugua kioo chake kwa mikono yake, jikoni kwako, majira mazima ya baridi, mpaka ukatishia kuhamia kwa mama yako. Mimi nilikereza stendi yote: gia, beringi, kila skrubu. Tukasema mbele yako, sikukuu ya katikati ya kiangazi, matumbo yamejaa samaki wa kuchoma, kwamba atakayebaki ataichukua nzima, kioo na stendi. Mimi ndiye mkubwa. Sikuwaza hata siku moja kwamba atakayebaki ni mimi. Ila Agosti Rauno ametutoka, na mimi niko.

Basi naomba nije mwezi huu huu na trela, kabla barabara haijaharibika. Wewe mwenyewe hukuwahi hata kuweka jicho pale, kwa hiyo najua hutaikosa.

Mpaka nije, iache bandani kwenye baridi yake. Usiiingize kwenye joto hata kidogo. Kitu baridi kikiingia penye joto kinatoka jasho, na kikirudi nje lile jasho linaganda. Hilo hata Rauno alikuwa analirudia kila siku.

Shemeji yako,
Armas


Inari, 15 Oktoba 1986

Shemeji Armas,

Kuku hukununua. Umekubali kuimba kwaya ya Krismasi. Nimekuombea radhi kwa mchungaji, na kwa kweli alishusha pumzi.

Barua imefika na theluji. Jirani yangu Niila amekuja asubuhi kutoka kwenye kulungu wake wa kufuga, akasema gari la maziwa limeingia mtaroni pale penye kona na dereva amelala kwake. Na wewe unavyoendesha! Usije na trela sasa hivi. Subiri theluji ishikane vizuri, au subiri tu mpaka masika, darubini haina miguu ya kukimbilia. Ina miguu mitatu lakini unanielewa.

Iko bandani, nimeifunika blanketi. Nina swali moja tu, la utunzaji. Kama mtu akitaka kuizungusha kidogo, tuseme ili afute vumbi upande wa pili, mbona inakuwa nzito kama jiwe la kusagia? Ni kawaida?

Nyumba imekuwa kubwa. Nikichemsha kahawa bado naweka ya vikombe vinne. Niila anainywa iliyobaki, kwa hiyo usinihurumie sana.

Aili


Salo, 9 Novemba 1986

Shemeji,

Mvua. Jana mvua, juzi mvua, na leo ukungu ili tupumzike na mvua.

Nimekuelewa, barabara mbaya. Nitakuja Februari, theluji ikiwa ngumu.

Kuhusu uzito: hiyo si kawaida hata kidogo, shemeji. Ile stendi ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Kiwandani nilitengeneza mapangaboi ya meli, lakini meli hazikuwahi kuniandikia kunishukuru. Rauno aliniandikia kila baridi, kila mwaka: "Armas, inateleza kama siagi." Miaka ishirini. Na siri yake ni grisi. Ile ya kopo la kijani nilikuwa namletea kila kiangazi nikija, na kila nikifungua gia naikuta inang'aa, nene, safi. Mtu anayeitunza kazi ya ndugu yake namna ile!

Basi huenda imekauka kwa kukosa mtu. Kopo liko kwenye rafu ya juu bandani. Ongeza. Usiionee huruma, jaza mpaka itokeze pembeni. Halafu ifute vumbi lako.

Unafuta vumbi gani bandani wakati wa theluji? Nyie wanawake wa Inari mna usafi wa ajabu.

Armas


Inari, 7 Desemba 1986

Shemeji Armas,

Hakuna vumbi. Oktoba nilikuwa nimejaribu tu kuigeuza humo bandani, kama alivyokuwa akiigeuza yeye. Kaa chini kwanza.

Jua limeshazama na halitachomoza tena mpaka katikati ya Januari. Wiki iliyopita, Jumapili, nilikunywa kahawa ya mchana, nikaosha kikombe, nikakikausha, nikakiosha tena. Nikaona nikibaki humu ndani nitaanza kuongea na jiko. Nikavaa koti la Rauno, nikaenda bandani, nikaivuta darubini nje kwa ule mtelezi wa kubebea kuni juu ya theluji. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara kupitia dirishani. Saa kumi na moja jioni, giza totoro, na nyota zimejaa.

Nilikosea kila kitu. Nilishika skrubu kwa mkono mtupu, ngozi ya kidole ikabaki kwenye skrubu. Nikapumua kwenye kioo cha kutazamia, kikafunga barafu. Nikakisubiri, nikasogeza jicho, kope ikanasa. Betri ya ile mota yako ya kufuatisha nyota ilinguruma kama paka halafu ikafa, sasa huwa naiweka kifuani, chini ya sweta, nikitembea naonekana nina mimba ya mraba. Lakini nimejifunza. Glavu nyembamba ndani ya glavu nene. Unavuta pumzi, unaizuia, unatazama, unageuza uso kando ndipo unapumua. Nimeiona sayari ya Mshtarii na vile vimwezi vyake vinne vimejipanga. Nilipiga kelele peke yangu uani, mbwa wa Niila wakanijibu.

Na sasa la moyoni. Miaka yote ile mimi niliionea wivu ile darubini, Armas. Ilikuwa mke mwenzangu. Jioni ikiwa wazi, mume wangu anavaa buti anakwenda kwake. Anarudi na pua nyekundu, ana furaha, hana maneno. Mimi namwekea supu nimenuna. Leo najua alikuwa anatazama nini. Nikiweka jicho pale alipoweka lake, nakuwa naye. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sitaki kukupa. Haya, nimesema.

Ila grisi yako nimeongeza kama ulivyoagiza, na sasa haizunguki kabisa. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nimeisukuma kwa bega. Nifanyeje?

Aili


Salo, 16 Desemba 1986

Aili,

Kwa hiyo unaniuliza ufanye nini ili uendelee kuitumia darubini yangu. Hongera kwa ujasiri.

Mapatano ni mapatano. Ulikuwepo, ulikuwa unatuchambulia samaki. Hukusema neno.

Unasema ukitazama unakuwa naye. Wewe una nyumba yake, koti lake, kitanda chake, kaburi lake liko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mimi huku nina nini? Picha moja tumevaa suruali fupi, na kadi za Krismasi. Nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu duniani, na kitu pekee tulichowahi kukifanya wote wawili, mkono wangu na mkono wake, ni hicho. Nakitaka. Nitakuja Februari na nitakichukua.

Grisi haiwezi kuganda. Niliijaribu mwenyewe kwenye friza ya duka la nyama. Lazima umetia kitu kingine. Usiguse tena chochote mpaka nije.

Krismasi njema.

Armas


Inari, 4 Januari 1987

Armas,

Nisaidie kwanza, unigombeze baadaye. Nakuomba sana.

Nilikasirika na barua yako. Nikasema, kama anakuja kuichukua Februari, basi Januari hii yote ni yangu, nami sitakaa naiangalia imekakamaa kama maiti. Nikawaza: grisi inahitaji joto. Na joto liko wapi? Kwetu sote joto liko mahali pamoja. Jumamosi nikawasha moto wa sauna kama kawaida, mawe yakaanza kupata joto, nikaikokota darubini nzima mpaka chumba cha kubadilishia nguo, nikaiegemeza ukutani karibu na kuni. Siyo ndani kabisa kwenye mvuke, Armas, mimi si mwehu. Chumba cha nje tu, penye uvuguvugu. Nilikumbuka uliyosema kuhusu jasho, lakini nikajiambia ni kidogo tu.

Niila akaja kuoga, maana Jumamosi ni yake. Sikumwambia kitu, niliona aibu. Anaoga kama kulungu dume, anamwaga maji kwenye mawe ndoo kwa ndoo, na mlango wa ndani hakuufunga kwa kuwa anapenda kuongea na mtu aliye nje. Mvuke ukajaa kote. Nilipofungua, darubini ilikuwa inachuruzika kama na yenyewe imeoga. Niila amekaa pembeni yake na taulo, anasema, "Aili, huyu mgeni umemleta lini?"

Nikababaika. Nikaitoa nje haraka ikauke. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane. Nikasikia inalia, kitu kinapasuka pasuka ndani, kisha kimya. Kioo cha Rauno kimekuwa cheupe. Siwezi kuona uso wangu humo. Miguu, gia, kila kitu ni bonge moja la barafu.

Nilikaa kwenye ngazi ya sauna nikalia kama mtoto. Kama nimekiua kile kioo sitajisamehe, na wewe usinisamehe. Jioni nilikupigia simu, ukaniambia "Na wewe pia, na wewe pia," ukakata. Niambie nifanye nini. Iko bandani, sijaigusa.

Aili


Salo, 8 Januari 1987

Shemeji,

USIFUTE. Usikwangue, usipulize, usiimwagie maji ya moto. Umenisikia? Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mimi ndiye kiziwi.

Fanya hivi. Fungua skrubu tatu za nyuma ukitoe kioo na sahani yake. Kifunge kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado bandani, kwenye baridi, ufunge kabisa, halafu uzungushie blanketi la sufu. Hapo ndipo ukiingize ndani, uanzie kwenye ukumbi usio na moto, ukiache hapo usiku kucha. Jasho litakuwa juu ya mfuko na si juu ya kioo. Asubuhi ufungue, ukisimamishe wima, barafu iyeyuke na kutiririka yenyewe. Kisha maji safi ya uvuguvugu, tone moja la sabuni, na pamba uipitishe bila kukandamiza, kama unavyomwosha mtoto mchanga macho. Acha kikauke chenyewe.

Stendi si kitu, hiyo ni chuma. Chuma kitapona.

Sikugombezi. Nilipofika pale "huyu mgeni umemleta lini" nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeanguka. Mtu mwingine yeyote duniani angeipeleka kwenye jiko, au kwa fundi. Ni sisi tu, kitu kikituuma tunakipeleka sauna.

Halafu nikaacha kucheka, nikakaa. Sikulala vizuri. Niandikie mara moja hali ya kioo.

Armas


Inari, 19 Januari 1987

Shemeji mpendwa,

Kimepona! Nilifanya kila neno ulilosema. Asubuhi nilipofungua blanketi sikuthubutu kutazama, nilimwambia Niila atazame yeye. Akakiinamia, kisha akasema, "Namwona mzee mmoja mbaya sana." Nikamkumbatia. Kuna madoa matatu manne pembeni, madogo, basi. Nyota hazijali.

Niila alijiona mkosaji kwa ajili ya ule mlango. Siku ya pili akaja na kopo lake na matambara, akakaa bandani kutwa nzima na stendi yako, na sasa inazunguka. Naisukuma kwa kidole kimoja. Juzi ilikuwa nyuzi thelathini na sita na ilizunguka vile vile.

Jua limerudi. Kipande tu, juu ya ziwa, kama mtu anachungulia kama tupo.

Uje Februari. Sitakuwekea kizuizi. Umeniokolea kioo, na yale uliyoandika Desemba nimeyasoma mara nyingi. Ni kweli mimi nina koti.

Aili


Salo, 27 Januari 1987

Shemeji!

Nilikwambia nini? Nilikwambia nini? Kidole kimoja kwenye nyuzi thelathini na sita! Kumbe grisi yangu ilihitaji tu kuamshwa. Ule mvuke umeilainisha ikaingia kila mahali, na Niila akapangusa iliyozidi. Kwa hiyo tangu mwanzo haukuwa ubaya wa grisi.

Nimewasimulia wenzangu wa chama cha nyota hapa Salo. Wamenitaka nizungumze kwenye mkutano wa Machi: namna ya kutia grisi darubini kwa ajili ya baridi kali. Nitawaletea na yenyewe waione. Nimekwisha andika kurasa mbili.

Nafika tarehe 12. Nimeazima turubai na kamba. Tengeneza ile supu ya samaki.

Armas


Rovaniemi, 16 Februari 1987

Aili,

Nimesimama Rovaniemi. Niko kwa Onni, niliyekuwa naye jeshini, nimemwambia trela ina hitilafu. Trela haina hitilafu. Iko uani kwake, darubini juu yake, turubai limeshikwa na theluji, nami nimekaa dirishani naitazama, siku ya tatu sasa. Onni ameanza kunitazama mimi.

Ngoja niyaandike kama yalivyokuwa kwangu, kwa sababu pale kwako sikuyasema.

Ulipoitoa nje ile jioni ya kwanza na kuisukuma kwa kidole, nilijisikia kama mtu aliyepewa nishani. Nikasema, "Haya! Grisi ya nani hiyo?" Wewe ukanikanyaga mguu. Niila akaanza kucheka, akacheka mpaka akaishika ile stendi asianguke. Akasema, "Armas, humo hamna grisi hata ya kupaka sikio la paka. Nimeiosha yote kwa petroli, nimetia unga wa penseli, kama Rauno alivyokuwa anafanya kila Septemba." Nikauliza kila Septemba gani. Akasema, "Zote." Hapo ndipo alipoona sura yako akanyamaza, lakini ilikuwa imeshatoka.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kila Septemba anaitoa, ili ifanye kazi. Kila Juni anairudisha, ili mimi nikija nifungue na kuikuta inang'aa. Na mimi nilikuwa nakuja kiangazi tu, jua halizami, hakuna nyota hata moja ya kutazama, kwa hiyo miaka ishirini nimekuwa nikiisifu kazi yangu kwenye mwanga wa mchana. Mwaka jana alinirudishia grisi yangu Juni, Agosti akafa, na Septemba hakuwepo wa kuitoa. Hiyo ndiyo iliyokukwamisha wewe. Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mdogo wangu mwenyewe, kwa mapenzi.

Nilikasirika, Aili. Nilikwenda kukaa garini na gari likakataa hata kuwaka. Nilijiona mjinga kwa miaka ishirini kwa mpigo. Halafu ukaja ukagonga kioo cha gari, ukasema, "Shemeji, utaganda. Njoo utazame, angalau umeendesha mbali." Ukaniwekea nyota za Kilimia. Ukaniambia nizuie pumzi.

Sikukwambia nilichokiona, nakwambia sasa. Sikujua zinakuwa nyingi hivyo. Nilikuwa najua kwa vitabu, na kwa huku kwetu Salo, matundu mawili matatu kati ya mawingu. Mimi nilitengeneza mikono ya kitu ambacho jicho lake sikuwahi kulitumia. Nilisimama pale mpaka sikuzihisi nyayo, na nikawa nasema ndani ya kichwa changu, kumbe Rauno, kumbe Rauno, basi, kama punguani.

Na asubuhi nikaifunga kwenye trela.

Unataka kujua kwa nini? Mimi mwenyewe nataka kujua. Nadhani nilitaka kuondoka na kitu ambacho hakikunidanganya. Nilikuwa nakaza kamba, nikakuona dirishani na sufuria ya kahawa mkononi. Uliniona. Uliniona vizuri kabisa. Nikangoja utoke. Nilikaza ile kamba ya mwisho mara tatu, Aili, nikikungoja. Ulitoka, ukanipa mkate mweusi na samaki wa kukausha kwenye karatasi, ukaniambia barabara ya Ivalo ina utelezi. Ukanipungia mkono.

Nilikula ule mkate nikiwa naendesha, na nilipofika nusu yake nikaelewa kwamba umenifanyia vile vile alivyonifanyia yeye. Mmenirudishia grisi yangu. Hapana anayeniambia mimi neno. Wote mnanionea huruma, mnanipa ninachotaka, mnanipungia mkono, na mimi naendesha zangu kuelekea kwenye ukungu na kitu ambacho huko hakitaona nyota mara kumi kwa mwaka. Ile hotuba ya Machi nimeichana.

Naweza kugeuza gari sasa hivi. Sitaki. Nikigeuza kwa huruma yangu mimi, basi tutakuwa watatu wa kudanganyana kwa huruma. Utanishukuru, utaniwekea supu, na sitajua kamwe kama uliitaka kweli au ulikuwa tayari kuniachia. Januari uliandika kwamba hutaweka kizuizi. Desemba uliandika kwamba hutaki kunipa. Mimi nilimpenda zaidi Aili wa Desemba. Alinikasirisha nikajua niko na mtu.

Kwa hiyo nakaa kwa Onni mpaka Ijumaa. Niambie unachotaka. Usiniambie kuhusu mapatano, wala koti, wala masikio yangu. Ukisema chukua, nitachukua na tutabaki shemeji wazuri. Lakini liwe neno lako la kweli, hata kama litaniuma. Mtu mzima wa miaka sitini na nane anaweza kuvumilia kuumizwa mara moja. Rauno hakunipa nafasi hiyo.

Anwani ya Onni iko nyuma ya bahasha.

Armas


Inari, 18 Februari 1987

Armas,

Nilikuona ukikaza ile kamba ya mwisho. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Nikajiambia, ana umri gani, ana nani, mwache. Ulipokata kona niliingia bandani nikapiga ukuta teke mpaka nikachechemea.

Irudishe.

Aili